Nati Ambayo Mwenye Gari Hawezi Kuifungua

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kwa harufu kuliko kwa macho. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni, kwenye gereji yangu ya pale Kitaji, Musoma, na harufu yenyewe ilikuwa ya samaki aliyeharibika. Nitakufikisha huko. Lakini kwanza niache nikasirike kidogo, maana nimekuja na hasira yangu na siwezi kuikalia.

Juzi nimepita kwa fundi mmoja kijana, hapa hapa Musoma, sitamtaja jina. Alikuwa anafunga tairi za Noah inayobeba watoto wa shule. Kashika mashine ya betri, ile ya kufungulia na kukazia nati, kaiweka kwenye nati na kubonyeza: trrrrrr! Nati imefika mwisho, imekaa, haina tena pa kwenda, na yeye bado kabonyeza, mkono wa pili ameshika simu anasoma. Nikamwambia, "Mwanangu, imetosha." Akacheka. "Mzee, hii mashine ina nguvu kuliko zote mjini. Ona namba kwenye boksi." Akaniletea boksi nilione. Nati hakuniletea.

Na wewe, fundi mwenzangu, leo umekuja kuniuliza ununue mashine ipi. Unataka nikutajie jina na namba, ukanunue, tumalizane. Sikutajii. Kaa hapo. Kuna watu watakuambia kwamba mchagua jembe si mkulima. Aliyesema hivyo alikuwa anamsema mvivu, na kwa mvivu alisema kweli. Lakini hakuwahi kumfungia mtu tairi.

Mimi sijafika hata sitini. Ila gereji inazeesha. Magoti yamekwisha, ndevu zimekuwa nyeupe, mnaniita mzee na mimi naitika. Wakati mashine hizi za betri zinaanza kuonekana Musoma nilikuwa bado kijana, mgongo wangu mzima, na nilikuwa na majivuno ambayo hayakuwa na kazi ya kufanya. Mpaka wakati huo sote tulifungua tairi kwa wili spana, na nati ikigoma tunachomeka bomba refu kwenye mpini tunaning'inia. Ilikuwa kazi ya jasho, lakini mkono ulikuwa unajua. Ukikaza, kuna mahali unasikia nati imesema basi.

Siku moja nikaiona mashine dukani, nyekundu, nzito kama tofali. Muuzaji alikuwa kijana wa mdomo. "Fundi, hii inafungua mpaka nati za lori. Hii ndiyo mwisho." Kwenye boksi palikuwa na namba kubwa yenye sifuri za kutosha, imeandikwa kwa rangi ya njano. Sikuuliza ile namba ni ya nini, sikuomba kuishika, wala sikuuliza betri yake ikifa nitapata wapi nyingine. Wahenga walishasema kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa na haraka ya kuonekana mjuzi. Nikainunua. Na nikuambie ukweli ambao sikumwambia hata mke wangu: niliinunua kwa ajili ya mlio wake.

Mlio ule ulinipa wateja. Watu walikuwa wanasimama barabarani kuangalia. Tairi nne kwa dakika chache! Nikaacha kabisa kukaza kwa mkono. Nati inaingia kwa mashine, inakazwa kwa mashine, jeki inashushwa, lete gari lingine. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma mtaa mzima.

Mzee Wambura akapita siku moja kunitembelea. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, mtu wa Butiama, mkimya, mwenye vidole vilivyopinda kwa miaka ya spana. Akaangalia mashine inavyonguruma, akaniuliza swali moja tu.

"Mafuru, inajua kuacha?"

"Nini, mzee?"

"Hiyo mashine. Kuanza nimeona inajua."

Nikacheka. Nikacheka mbele ya wateja, nao wakacheka. Nilimcheka mtu aliyenishika mkono nilipokuwa siwezi kutofautisha pedi ya breki na kandambili. Yeye akatabasamu, akaaga, akaenda zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu, na ubaya ni kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la mtu mwingine kabisa.

Wiki ile ile akaja Mama Nyanjura. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa samaki kutoka Kibara, mama wa makamo, mnene, anayeendesha kirikuu chake mwenyewe. Unakijua kirikuu, kagari kadogo ka mizigo, nati zake nne kila tairi, ndogondogo. Alikuwa anakusanya sangara na sato kwa wanawake wenzake pale mwaloni mitumbwi inapofikia, anawapanga kwenye barafu, anawapeleka Bunda, Kiabakari mpaka Butiama. Siku hiyo alikuja Musoma kubadilisha pedi za breki. Nikabadilisha vizuri, sina lawama hapo. Nikarudisha tairi zote nne, nikachukua mashine yangu. Trrrrrr. Kwa nati za kirikuu! Mashine ya kufungulia lori!

Alipokuwa anaingia kwenye gari akaniuliza, "Fundi, umekaza vizuri lakini? Barabara yetu ile unaijua ilivyo."

Nikampigia kofi boneti yake. "Mama, hata tembo hafungui hizo."

Akaniamini. Akaenda.

Sasa ndiyo tunafika kwenye ile Ijumaa. Nilikuwa na wateja watatu au wanne kwenye benchi, na Mzee Wambura naye alikuwepo, amekuja kutafuta boliti ya kinu chake cha kusaga. Kirikuu kikaingia taratibu sana, kinachechemea. Harufu ikatangulia. Mama Nyanjura akashuka, kanga yake imejaa vumbi mpaka kiunoni, uso umebabuka kwa jua. Upande wa pili akashuka bibi mmoja mwembamba, Bibi Nyafuru, jirani yake wa Kibara, ambaye na yeye samaki wake walikuwa humo. Bibi akakaa chini palepale kwenye ardhi yenye oili, bila kutafuta kigoda.

Mama Nyanjura akaja mbele yangu. Mtu aliyenizidi umri kiasi cha kunizaa. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, fundi."

Mwanangu, nimetukanwa matusi mengi maishani, mengine ya kiume kabisa. Hakuna lililowahi kuniingia kama ile shikamoo. Mama mzima ananiamkia mimi! Nifanyeje? Nikiitika marahaba nimejilaani, nisipoitika nimemdharau.

"Naona huitiki," akasema. "Mimi nimekuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa. Mtu akisema hata tembo hafungui, na kweli tembo hafungui, huyo ni mkubwa wangu."

Kisha akaenda nyuma ya gari, akafungua bodi, akaanza kutoa samaki. Sangara mmoja baada ya mwingine, macho yameingia ndani, matumbo yamevimba. Hakuwarusha. Angewarusha ningepata la kusema. Aliwalaza kwa utaratibu juu ya meza yangu ya kazi, kati ya spana, akawapanga kama anavyowapanga sokoni. Walipojaa meza akaanza kuwapanga juu ya boksi la mashine yangu.

Ndipo akaeleza, na sauti ikaanza kupanda. Walikuwa wametoka Kibara alfajiri. Samaki waliagizwa Butiama, kwenye harusi ya kesho yake. Saa tatu asubuhi, kabla hawajafika Bunda, wakapata pancha. Spea tairi ilikuwepo, jeki ilikuwepo, wili spana ilikuwepo. Kila kitu anachotakiwa mwenye gari kuwa nacho, mama huyu alikuwa nacho.

"Nikaweka spana, nikasukuma. Kimya. Nikapanda juu ya spana kwa miguu miwili, na huu mwili wangu wote unaouona, bibi huyu ananishika mkono nisianguke. Kimya! Nikaruka juu yake, fundi. Mimi, na umri huu, naruka barabarani kama mtoto anacheza kamba, na watu wa pikipiki wanapita wanacheka. Meno ya nati yakalika, spana ikawa inateleza. Jua linapanda. Barafu inatiririka chini ya gari, naiona inavyotiririka."

Mpaka saa saba mchana. Ndipo akasimama dereva wa lori mwenye bomba refu. Nati tatu zikakubali, ya nne akaikata na boliti yake. Wakafunga spea kwa boliti tatu wakaenda Bunda. Pale sokoni hakuna aliyegusa samaki. Wapishi wa Butiama walipopigiwa simu walisema wameshatafuta kwa mtu mwingine, na sauti yao ilikuwa ya watu ambao hawatapiga tena.

"Na hawa samaki si wangu peke yangu," akasema. "Wa bibi huyu wamo. Wa wanawake wengine wa mwaloni wamo. Wao hawajui hata gereji yako iko wapi. Walikukosea nini?"

Nikasema nitalipa. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayefunika sufuria inayochemka. Akanikata.

"Habari ya kulipa itakuja. Sasa hivi fungua." Akanipa wili spana yake, imepinda kidogo mpini. "Tairi tatu zilizobaki umezikaza wewe. Fungua moja, kama ulivyotaka mimi nifungue."

Nikachuchumaa. Nikaweka spana, nikasukuma kwa nguvu ya kijana mwenye haya. Haikutikisika. Nikapanda juu yake. Ikateleza, nikaanguka na goti, ngozi ya vidole ikabaki kwenye rimu. Wale wateja wa benchi, waliokuwa wananisifu mlio, hakuna aliyecheka. Nikajaribu tena na tena, jasho linaniingia machoni. Mwisho mkono wangu ukaenda wenyewe kutafuta mashine. Mama Nyanjura akaikanyaga.

"Mimi barabarani nilikuwa nayo hii?"

Hapo Mzee Wambura akanyanyuka. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti miaka yote, na siku hiyo alipaza.

"Mafuru! Nani kakufundisha hivi? Maana si mimi! Mimi nilikufundisha kwamba nati inakazwa gurudumu lisitoke njiani, na mwenye gari akitaka kulitoa alitoe. Yote mawili! Ukimnyima hilo la pili, gari limekuwa lako, si lake tena. Kila pancha aje akuombe wewe!"

Akachukua bomba, tukafungua naye. Boliti moja ikakatika mkononi mwetu kwa mlio mdogo kama wa kijiti. Nyingine akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akaniwekea kiganjani. "Angalia hapa katikati." Nikaangalia. Chuma kilikuwa kimevutika, kimekuwa chembamba kama shingo. "Hii ilikuwa bado siku chache," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Ingekatika kwenye mteremko, pamoja na nyingine. Hao samaki mshukuru Mungu kwamba ni samaki."

Mwanangu, mpaka leo nikikumbuka ile boliti kiganjani damu inanichemka. Najikasirikia mwenyewe, kwanza kabisa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini nakasirika pia kwa sababu hakuna mtu kwenye duka lile, wala maandishi kwenye boksi lile, aliyewahi kuniambia kwamba nguvu ya kufungua ni jambo moja na nguvu ya kukaza ni jambo lingine. Ile namba kubwa ya njano ni ya kufungua nati iliyogoma! Ukiitumia yote kukaza, unamvunjia mtu gari huku unamchekea.

Kesho yake, Jumamosi, Mama Nyanjura akarudi. Alilala kwa dada yake pale Iringo. Nilikuwa nimenunua boliti mpya, na Mzee Wambura alisimama juu ya kichwa changu nikizifunga zote kwa mkono. Nilipomaliza nikatangaza, kwa uchungu na kiburi pamoja, kwamba mashine sitaki tena kuiona, nitarudi kwenye spana mpaka nife.

"Acha upuuzi," Mzee Wambura akasema. "Magoti yako yakifika umri wa yangu utaitafuta ukilia. Kosa la mashine ni lipi? Umenunua shoka, ukalitumia kukatia nyanya."

Mama Nyanjura akaniuliza, "Hivi ile uliichaguaje?"

"Nilisoma namba kwenye boksi."

Akasema, "Mimi ningekuwa nanunua samaki kwa kusoma boksi, watoto wangu wangekuwa wameshakufa njaa. Samaki huwaga namfunua shavu. Nambonyeza. Namnusa. Anayekataa nisimfunue, namwachia samaki wake. Twende dukani."

Tukaenda naye Iringo, kwenye kirikuu chake. Tulianza duka lile lile. Kijana wa mdomo akatoa boksi kubwa kuliko lile la kwanza. Mama akamuuliza, "Hii namba ni ya kufungua au ya kukaza?" Kijana akasema ni ya vyote. "Ina hatua ngapi za nguvu?" Akasema ina nguvu tu, mama, ya kutosha. "Tuwashie tuone." Akasema boksi halifunguliwi mpaka linunuliwe. Basi hapo mama akawaka, duka zima likageuka.

"Halifunguliwi? Kwani ni jeneza hilo? Unataka huyu akafunge tairi za watu na kitu ambacho hata wewe unayekiuza hukijui? Kaa nalo boksi lako!"

Duka la pili lilikuwa dogo, la mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Yeye akatoa mashine mbili nje ya maboksi, akachomeka betri, akasema, "Jaribuni kwenye gari lenu. Usichokijua nikuuzie cha nini?"

Mama akaniambia nishike ile kubwa, mkono nimeunyoosha mbele, nisishushe. Kisha yeye akaanza kumsalimia mzee wa duka, habari za nyumbani, za mvua, za watoto. Hawajafika kwenye habari za mihogo, mkono wangu ukaanza kutetemeka nikaishusha. "Na tairi la nne utalifunga na mkono gani?" akaniuliza. Nikashika ile fupi. Hiyo nilikaa nayo mpaka salamu zikaisha.

Tukaichukua ile fupi mpaka kwenye gari. Ilikuwa na swichi ya hatua tatu za nguvu. Ukibonyeza kidogo inazunguka kidogo, ukiachia inasimama hapo hapo, haijiendeshi. Mzee wa duka akanionyesha: nati anza kwa vidole, kwanza, mpaka iingie yenyewe bila ubishi. Kisha mashine kwenye hatua ya chini kabisa, ikigusa tu, achia. Kisha shusha gari umalizie kwa mkono. Akatoa chini ya meza spana ndefu ya kipimo, ile unayoiwekea kiasi, nguvu ikitosha inalia tik. "Hii ndiyo inakaza," akasema. "Mashine inakusogezea kazi tu."

Nikafunga tairi moja hivyo. Mama Nyanjura akachukua wili spana yake iliyopinda, akaweka, akakanyaga kwa mguu mmoja. Nati ikafunguka. Akaikaza tena, akaifungua tena. Ndiyo mara ya kwanza siku zile mbili niliona meno yake.

Nikauliza sasa na mimi, maana nilikuwa nimeshajifunza kuwa na mdomo wa kuuliza. Betri ikifa? Mzee wa duka akanionyesha rafu, betri zake zipo, na zile zile zinaingia kwenye drili na kwenye mashine ya kukatia chuma. Umeme wetu unavyokatika je? Akaniambia chukua betri mbili, moja ikae kwenye chaji siku zote. Soketi zangu, vile vikombe vya kushikia nati, zitaingia? Zitaingia, ila zile zinazong'aa usiziweke humo, zitapasuka zikupige usoni. Chukua nyeusi nene. Kisha, bila kuulizwa, akasema neno ambalo wauzaji hawalisemi:

"Hii haitakufungulia nati ya lori iliyoota kutu. Usije kuniambia sikukuambia."

Mwanangu, muuzaji anayekutajia kisichowezwa na bidhaa yake, huyo mshike kwa mikono miwili. Anayekuambia inaweza yote, mkimbie, hata kama ni shemeji yako.

Nikaichukua ile fupi na spana ya kipimo. Akiba niliyoiweka kwa ajili ya jenereta ndiyo iliyokwenda, na niliumia, na ilistahili. Ile nyekundu sikuitupa. Ninayo mpaka leo, inafungua vyuma vya chini ya malori vilivyoshikana kwa kutu, kazi ambayo iliumbiwa. Tairi la gari dogo haigusi.

Habari ya kulipa ilikuja pia, kama alivyosema. Lakini Mama Nyanjura alikataa kuzibeba fedha. "Utawapelekea mwenyewe, uwaangalie machoni." Jumapili, baada ya misa, nikafika Kibara. Nikapita nyumba kwa nyumba. Wengine walinisema, na wana haki. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Nyafuru, yule aliyekaa kwenye oili. Nilianza kueleza, akanyanyua mkono, akaingia jikoni. Akarudi na ugali wa muhogo na sato wa mchuzi, akaweka mbele yangu, akaninawisha mikono yeye mwenyewe.

"Kula," akasema. "Umetoka mbali."

Nilitamani anitukane. Nilikula, mwanangu, maana kukataa lingekuwa kosa la pili. Aliniangalia mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Siku ile nilimshika mkono Nyanjura anaruka juu ya chuma. Nikawa najiuliza, huyu aliyefunga hivi, alikuwa amemkasirikia nani?" Akaondoa sahani.

Sikuwa nimemkasirikia mtu yeyote. Ndiyo aibu yenyewe. Nilikuwa nafurahi.

Baada ya hapo nilidhani Mama Nyanjura ameniacha. Hakuniacha. Alirudi na gari lake miaka yote aliyoendelea na biashara, lakini kwa sharti lake: kila nikimaliza, kabla hajawasha gari, anatoa wili spana, anachagua nati moja, anaifungua kwa mguu wake na kuikaza tena, mbele ya watu wote. Mwanzoni nilikuwa naona aibu, natazama pembeni. Baadaye nikazoea. Baadaye zaidi nikaanza kuwapa spana wateja wengine kabla hawajaomba. Na sasa kwangu hakuna gari linaloondoka bila hilo. Mwenye gari akiwa mama mjamzito nachukua spana mwenyewe na kusukuma kwa mkono mmoja mbele yake aone.

Kwa hiyo umeniuliza ununue mashine ipi. Sikiliza, nami sitarudia. Usinunue namba. Nunua ile ambayo mkono wako unaiweza mpaka jioni, yenye hatua za nguvu, inayosimama pale unapoiachia. Uishike kabla hujailipia; duka likikataa usiishike, ondoka, hata kama wanakuita nyuma. Angalia magari yanayokuja kwako ni yapi. Ukiwa unafunga kirikuu na Noah, usinunue mashine ya lori ili wapita njia wakusifu. Betri yake ipatikane hapa hapa, si kwa kuagiza na kusubiri. Na siku unayonunua mashine, nunua na spana ya kipimo. Kama fedha haitoshi vyote viwili, anza na spana, mashine itasubiri. Kufungua, fungua kwa mashine. Kukaza, malizia kwa mkono wako. Ukiona fundi anabonyeza mashine huku anasoma simu, mkemee, hata akikuchukia. Mimi juzi nilimkemea mmoja akanionyesha boksi, na kesho nitarudi kumkemea tena, mpaka anione mzee msumbufu kuliko wote Musoma, maana kwenye ile Noah kuna watoto.

Kisha mpe mwenye gari spana yake. Afungue nati moja mwenyewe, akuangalie. Ikifunguka kwa mguu wake, kazi yako imekwisha, mwache aende.

Haya, nenda mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, aipe nguvu ya kutosha, isizidi. Akupe masikio ya kumsikia mkubwa anapouliza swali dogo. Kila utakayemfungia gurudumu, kwenye lami na kwenye vumbi, afike alikokuwa anakwenda, na akirudi aje akuamkie kwa heshima iliyo ya kweli. Amina.